Je, Mkimbizi Anaruhusiwa Kufurahi?



Katika kikao cha mwisho cha wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili walileta ombi moja. Wanataka, Noeli ikishapita, wawapeleke watoto Bujumbura kwa siku mbili: waone Ziwa Tanganyika, wamwone mamba pale Musée Vivant, wale samaki, halafu warudi. Ombi lilikuwa na mistari minne tu, lakini kikao kilichukua mchana mzima.

Mzee mmoja alisimama akasema: "Kutoka kwenye ule mchanga wa ziwa mpaka Gatumba si mbali. Tarehe 13 Agosti 2004 ndugu zetu wakimbizi waliuawa pale usiku, zaidi ya 150, na walizikwa kulekule Gatumba. Na hawa waliovuka Rusizi mwaka 2025, machozi yao hayajakauka. Tutawapeleka watoto kucheza karibu na makaburi?"

Mama mmoja akafuata: "Mimi siongei habari ya makaburi. Naongea habari ya sufuria. Posho haifiki mwisho wa mwezi. Nauli ya mtoto mmoja ni sabuni na mafuta ya nyumba nzima. Hiyo fedha wapewe wajane."

Kijana mmoja wa kwaya akatoa simu yake. Ndani kulikuwa na picha ya familia iliyokuwa ikisali pamoja nasi kabla ya kupelekwa Marekani. Wamesimama mbele ya kasri kubwa lenye minara, kule Florida, watoto wamevaa kofia zenye masikio ya panya. Kijana akasema: "Wazee, watoto wote wa kambi wameiona picha hii. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, wengi wetu tulibaki na majalada yasiyosonga. Tukianza habari ya matembezi, tutawafundisha watoto kutamani vitu ambavyo hawatavipata."

Hakuna aliyesema neno la kijinga. Ndiyo maana hatukuweza kupiga kura. Wazee waliniomba niandike katika jarida letu, kila nyumba isome na kupima, kisha tukutane tena. Swali lenyewe ni hili: je, ni halali mbele za Mungu mtu aliyepoteza nyumba, akiwa katikati ya wenye njaa na wenye kulia, kutumia fedha kwa ajili ya furaha tu?

Kabla ya kujibu, ndugu zangu, nina deni la kuungama.

Mwishoni mwa Desemba 2018 mke wangu aliitwa hospitali Bujumbura kwa sababu ya jicho. Tulipewa ruhusa ya kutoka kambini kwa siku tano. Tukauza mbuzi mmoja, tukaamua kwenda na watoto wetu wote wanne, kwa sababu tangu wazaliwe hawakuwa wameuona mji. Kutoka huku Ruyigi tulipita Gitega, tukapita Muramvya, tukafika Bugarama kwenye baridi, ambako wanawake huuza karoti na kabichi kando ya barabara. Kutoka hapo njia inashuka kwa kona nyingi. Watoto walikuwa wakihesabu vijana wa baiskeli waliojishikiza nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima. Kwenye kona moja ziwa likaonekana chini, na hesabu ikaishia hapo. Wakanyamaza wote.

Tulilala Buyenzi kwa ndugu mmoja katika imani. Mambo ya hospitali yalimalizika siku ya pili, na habari ya jicho ilikuwa njema. Tulibaki na siku moja mkononi na faranga kidogo za yule mbuzi. Mke wangu akaniambia: "Baba watoto, hawa hatutawaleta tena. Leo tuwape siku yao."

Asubuhi tukaenda Musée Vivant. Ni mahali padogo, palipoanzishwa mwaka 1977. Kuna nyoka, kuna mamba, kuna nyumba ya kienyeji ya Warundi iliyojengwa kama zile za zamani. Watoto walimtazama mamba kwa muda mrefu. Yeye alikuwa amelala tu kinywa wazi. Binti yetu mdogo, mwenye miaka sita wakati huo, akaniuliza: "Baba, huyu naye lazima aombe karatasi ya kutoka?" Tulicheka. Kisha mimi na mke wangu tukaacha kucheka.

Mchana tukaenda ufukoni, Saga Plage. Tulinunua mukeke mmoja wa kuchoma na ndizi za kukaanga, tukagawana watu sita. Watoto waliingia majini mpaka magotini wakapiga kelele, ambazo sikuwahi kuzisikia nyumbani kwetu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na anga lilikuwa safi. Ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira ilionekana vizuri, hata mabonde yake.

Mimi nilizaliwa upande ule. Nilipokuwa mtoto tuliketi usiku kando ya maji, tukatazama taa za wavuvi wa ndagala zikitembea ziwani, na nyuma yake, mbali, taa za Bujumbura. Kwetu sisi watoto wa Uvira, Bujumbura ndiyo ilikuwa kasri la hadithi. Tulidhani watu wa kule hawalali na hawafi. Sasa nilikuwa nimesimama penye taa zile, nikitazama kule nilikotoka.

Binti yangu akaja, maji yakimdondoka, akauliza: "Baba, kule ni wapi?"

Nikamwambia: "Kule ni kwetu."

Akatazama sana. Akasema: "Mbona ni kuzuri?"

Ndugu zangu, swali lile lilinichoma. Mtoto huyu alizaliwa kambini. Kila alichosikia juu ya kwetu alikisikia usiku, tulipodhani amelala: risasi, kukimbia, majina ya waliokufa. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna milima, kuna maji, kuna maembe. Nikaona kwamba katika nyumba yangu niliwarithisha watoto vita, sikuwarithisha nchi. Na siku ile tuliyoiita ya kucheza tu ndiyo ilinionyesha.

Sasa sikilizeni dhambi yangu. Mpiga picha wa ufukoni alitupiga picha moja ya karatasi. Tulipokuwa tunarudi, mimi mchungaji wenu niliwaambia watoto: "Msiseme tulikwenda ziwani. Semeni tulikwenda hospitali." Nikaificha picha katikati ya kamusi yangu ya Biblia. Niliogopa mtasema mchungaji anakula samaki mjini wakati kondoo wanakosa unga.

Lakini mtoto hawezi kuficha mamba. Baada ya siku mbili kijana wangu alimsimulia rafiki yake, mtoto wa mjane jirani yetu, mwenye umri wa miaka tisa. Jioni mama yule akaja mlangoni. Nilijiandaa kwa lawama. Akasema hivi: "Mchungaji, sikasiriki kwamba mlikwenda. Mimi nimeumia kwamba hamkuniambia. Ningewapa huyu mtoto mumchukue, hata apakatwe njia nzima. Nilitaka tu mmoja wa nyumba yangu aone."

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi: Desemba ijayo atakwenda. Desemba 2019 fedha haikupatikana. Mwaka 2020 likaja janga la korona, na mwezi wa Aprili mto Rusizi ukafurika Gatumba, maelfu wakahama nyumba zao. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda, maji yakala fukwe za Bujumbura. Leo mtoto yule ni kijana mwenye sauti nzito, anabeba mizigo sokoni. Nikimsalimia ananijibu kwa heshima. Hana haja tena ya kuona mamba. Deni lile sikulilipa, na sasa halilipiki.

Kwa hiyo nikiwajibu wale watatu wa kikao, sijibu kama mtu asiye na doa.

Kwanza, kwako mzee wetu uliyetaja Gatumba. Unakumbuka Zaburi ya 137, ambapo mateka wa Yuda walitundika vinubi vyao kwenye miti kando ya mito ya Babeli. Wengi tumeisoma kama amri kwamba aliye uhamishoni asiimbe. Lakini tazama ni nani aliyewaomba waimbe: ni wale waliowateka, waliotaka kuchekeshwa kwa nyimbo za Sayuni. Walikataa machozi yao yasigeuzwe mchezo wa adui. Hawakuwakataza watoto wao kucheka. Maana watu wa uhamisho huohuo waliandikiwa barua na nabii Yeremia, sura ya 29, wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe wana na binti. Je, mmewahi kuona arusi isiyo na furaha? Mungu aliyewaambia waoe aliwaambia pia wafurahi katika nchi isiyo yao.

Tena soma Ezra 3, mwishoni. Msingi wa hekalu ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine wakapiga kelele za shangwe. Biblia inasema watu hawakuweza kuipambanua sauti ya kilio na sauti ya furaha. Hakuna aliyewaambia wazee wanyamaze, wala hakuna aliyewaambia wenye shangwe waone aibu. Sauti zote mbili zilipanda pamoja kutoka uwanja mmoja. Mzee wangu, sikuombi uache kulia. Ninakuomba uende na watoto. Uwaonyeshe milima, uwaambie na habari ya Gatumba kwa kipimo wanachoweza kubeba, uombe nao, kisha uwaache waingie majini. Aliyekufa akikumbukwa na mtoto anayecheka hajadharauliwa.

Pili, kwako mama uliyetaja sufuria. Hoja yako ni nzito, na imo katika Injili. Katika Yohana 12 Mariamu alimimina marhamu ya thamani kubwa miguuni pa Yesu, na mtu mmoja akauliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari mia tatu wakapewa maskini. Aliyeuliza alikuwa Yuda, na Yohana anatueleza kwamba hakuwajali maskini. Wewe, mama, si Yuda. Wewe unawajali kweli, tumekuona. Kwa hiyo wewe unastahili jibu lingine, na jibu hilo liko katika Torati.

Nilipokuwa chuo cha Biblia tulipita haraka juu ya Kumbukumbu la Torati 14. Niliirudia baada ya mambo ya 2018. Pale Mungu anaamuru familia kusafiri. Ikiwa njia ni ndefu, wageuze zaka yao kuwa fedha, waende mpaka mahali alipopachagua, wanunue chochote ambacho moyo wao unatamani, wakile mbele za Bwana na kufurahi, baba na nyumba yake. Ndugu, hiyo ni safari ya furaha iliyoagizwa na Mungu, tena kwa fedha takatifu! Lakini endelea kusoma. Palepale wanaambiwa wasimsahau Mlawi asiye na urithi, na kila mwaka wa tatu zaka iwekwe malangoni kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba. Na katika sura ya 16, kwenye Sikukuu ya Vibanda, majina ya wanaopaswa kufurahi yametajwa mmoja mmoja: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Mungu hakumwambia Mwisraeli achague kati ya furaha na mjane. Alimwambia amweke mjane ndani ya furaha.

Na kumbukeni sikukuu yenyewe ilikuwa ya nini. Watu wenye nyumba za mawe walitoka wakalala kwenye vibanda vya matawi, wakumbuke kwamba baba zao waliishi hivyo jangwani. Sisi tunaoishi chini ya turubai tunadhani maisha haya hayana la kusherehekea. Mungu alifanya kumbukumbu ya kambi kuwa sikukuu ya shangwe. Nehemia 8 inasema waliorudi kutoka uhamishoni ndio walioishika kwa furaha kubwa sana, na siku zile waliagizwa wampelekee sehemu yule asiyeandaliwa kitu.

Tatu, kwako kijana mwenye picha. Mahali pale Florida panaitwa Walt Disney World, na palifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Kabla yake kulikuwa na Disneyland ya California, ya mwaka 1955. Mwenyewe, Walt Disney, alieleza kwamba wazo lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi, akiwatazama binti zake wakizunguka kwenye farasi wa mbao. Aliona kwamba baba anakaa tu pembeni, akatamani mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Ni jambo dogo namna hiyo. Minara, taa na tiketi za bei kubwa vilifuata baadaye.

Nilimpigia simu yule ndugu aliyetuma picha. Anafanya kazi usiku na kulala mchana, na watoto wake anawaona Jumapili. Akaniambia: "Mchungaji, ninyi nimewatumia picha. Deni la safari sikulituma, limebaki hapa kwangu." Halafu akasema siku ile ndiyo siku pekee mwaka mzima aliyokaa na wanawe tangu asubuhi mpaka usiku. Basi, kijana, ukiwaonyesha watoto picha ile, waambie watazame chini ya kasri, pale baba amemshika mtoto mkono. Kulitamani kasri kunaweza kuwa tamaa. Kutamani siku nzima na baba yako si tamaa, ni njaa kama njaa nyingine. Hata mataifa yalitambua hivyo: Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unataja haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Na nabii Zekaria, sura ya 8, alipotaka kuwaeleza watu wa Yerusalemu iliyobomoka wokovu utakavyoonekana, alisema njia za mji zitajaa wavulana na wasichana wakicheza.

Basi, wapendwa, nimefika wapi? Nimefika hapa: swali letu halikuwa sawa. Tuliuliza kama tunaruhusiwa kufurahi. Mungu amekwisha kuruhusu, tena ameamuru. Anachouliza yeye ni nani tumemwacha nje ya lango. Kwenda kwangu ziwani hakukuwa dhambi. Dhambi ilikuwa ile picha ndani ya kamusi, na ile nafasi mapajani mwetu ambayo hatukumpa mtoto wa jirani. Furaha ikifichwa huanza kunuka kama samaki wa jana. Yesu mwenyewe, alipokuwa na miaka 12, alikwenda Yerusalemu katika msafara wa jamaa na majirani, hata wazazi wake walitembea siku nzima wakidhani yuko kwa mtu mwingine katika kundi. Ndivyo watoto wa Mungu walivyosafiri, mtoto wa mmoja akiwa mtoto wa wote.

Na kwa wale wanaosema tungoje mpaka amani irudi au mpaka posho iongezwe, nawaambia kwa uchungu: mimi nilingoja. Mchanga uliliwa na maji, na mtoto akawa mtu mzima. Vitu vingi vya mkimbizi vinaweza kuahirishwa. Utoto hauahirishwi.

Kwa hiyo nitaleta mbele ya wazee mashauri haya. Safari iwe, lakini nafasi za kwanza wapewe yatima, watoto wa wajane, na watoto waliofika mwaka 2025. Mtoto wa mchungaji awe wa mwisho kuandikwa. Fedha ya wajane isiguswe hata faranga moja. Kila nyumba itakayoweza ilete kikombe cha maharage au mahindi, tuuze, tuone yanatosha watoto wangapi. Wakienda kumi, wakirudi wasimame mbele ya kanisa lote wasimulie, bila kuficha hata samaki. Yasipotosha kwenda Bujumbura, hata uwanja wetu wa mpira unatosha kwa siku moja ambayo wazazi wanacheza na watoto wao na hakuna anayezungumza habari ya majalada.

Ile picha ya 2018 nimeitoa kwenye kamusi. Imebandikwa ukutani ofisini kwangu, na mlango uko wazi. Njooni muione. Nyuma yetu mtaiona milima ya Uvira.

Bwana aliye kimbilio letu awabariki na kuwalinda, ninyi na watoto wenu. Amina.

Mchungaji wenu